Tupeane uzoefu: hesabu za mwanzo kwa watoto tunaowasomesha nyumbani. Umechagua mtaala gani, na unautumiaje?

Mama Binti, Morogoro
Wapendwa, habari za jioni. Wenye watoto wa miaka minne hadi minane mnaowafundisha wenyewe, naomba tuelezane tunavyofanya. Msitaje jina la kitabu tu, semeni na siku yenyewe inakwendaje.

Naanza. Binti yangu ana miaka sita. Msingi wetu ni vitabu vya Kuhesabu vya Darasa la Kwanza vya Taasisi ya Elimu Tanzania, ambavyo vinasomwa bure kwenye maktaba mtandao yao. Nilivichagua ili siku akiingia shule asijikute mgeni. Mbinu ya kufundishia nimeifuata ya Singapore, waliyoianza miaka ya 1980 wakijenga juu ya mawazo ya mwanasaikolojia Jerome Bruner: mtoto ashike vitu kwanza, halafu achore, tarakimu zije mwisho.

Mfano ni 14 + 8. Tunatumia njiti za kiberiti tulizokata vichwa. 14 ni fungu moja la kumi lililofungwa kwa mpira, na njiti nne pembeni. Anaongeza nane, anapata kumi na mbili zilizolegea. Anahesabu kumi, anazifunga mwenyewe, zinabaki mbili. Mafungu mawili na njiti mbili: 22. Baada ya hapo ndipo tunaandika daftarini, na ile "moja" inayopelekwa kwenye makumi anajua imetoka wapi, maana ameifunga kwa mkono wake. Naamini kabisa kwamba kitabu chochote kitafaa mzazi asipoiruka hatua hii.

Mama Wavulana, Nairobi
Asante kwa kuanzisha, dada. Mimi niko na wawili, na kila mmoja ana njia yake. Mkubwa alisoma Math-U-See, ile yenye vipande vya rangi, ambayo inakaa kwenye mada moja hadi ishike. Ilimfaa sana kwa sababu hapendi kurukishwa. Mdogo akikaa na kujumlisha tu wiki nyingi anachoka, na akihamia mada nyingine ile ya kwanza inapotea. Huyo nimempa vitabu vya mtindo wa Saxon, ambapo kila somo lina kitu kipya kidogo na marudio mengi ya zamani. Kwa hivyo mtu akiniuliza mtaala upi ni bora, mimi humuuliza kwanza mtoto wake akifundishwa hukwama wapi.

Vitabu vya nje vina pengo moja: pesa zao si zetu. Kwa hiyo huwa nafungua mtaala wa Gredi ya 1 wa KICD, taasisi ya mitaala ya Kenya, naangalia sehemu ya vipimo, halafu tunafungua duka pale mezani kwa sarafu za shilingi 1, 5, 10 na 20. Kurudisha chenji kumewafundisha kutoa kuliko kurasa nyingi za mazoezi.

Baba Tanga
Kwa upande wa tableti: huku kwetu Tanga ndiko zilikojaribiwa programu za Global Learning XPRIZE, yale mashindano ya kutengeneza programu za mtoto kujifunza mwenyewe kusoma, kuandika na kuhesabu, katika vijiji takriban 170. Washindi wawili, onebillion na Kitkit School, walitangazwa mwaka 2019. Programu zile zilitengenezwa kwa Kiswahili, zikawekwa wazi ili yeyote azitumie. Mwanangu anatumia mojawapo, bila bando ikishapakuliwa. Ila nampa baada ya somo, kwa muda mfupi, na ninakaa karibu. Tableti inajua jibu ni sahihi au si sahihi, lakini haioni kama amefikiri au amebahatisha. Hilo ni jicho la mzazi.

Mgeni Kidogo
Samahani, naomba msaada. Wangu ana miaka minne na nusu, anahesabu hadi hamsini bila kukwama. Nikimwambia "nipe maharage saba" ananipa gao zima. Nimpeleke kitabu kinachofuata?

Mwalimu Mstaafu
Usimpeleke mbele bado, mwanangu. Kuhesabu kwa mdomo ni jambo moja, na kujua kwamba saba ni kiasi gani ni jambo lingine. Panga maharage matano kwa mstari. Ahesabu huku akisogeza kila moja upande wa pili, neno moja kwa punje moja. Akimaliza muulize, "Yote ni mangapi?" Akijibu "matano" papo hapo, ameelewa kwamba namba ya mwisho ndiyo idadi. Akianza kuhesabu upya, hajafika, na si kosa lake. Kaeni kwenye moja hadi tano hata kama ni miezi. Mchezesheni dadu na dhumna, azoee kuona tatu na nne kwa kutupa jicho tu.

Mama Texas
Naunga mkono, Mwalimu. Huku kwetu hesabu ni somo la lazima kwa anayesomesha nyumbani, ila mtaala unachagua mwenyewe. Mimi natumia abakasi ya RightStart: kila mstari una shanga kumi, tano za rangi moja na tano za rangi nyingine. Mwanangu akiona saba anasema "tano na mbili", hahesabu moja moja tena. Nyumbani tunasoma hesabu kwa Kiswahili, karatasi za mazoezi ni za Kiingereza, na hajawahi kuchanganyikiwa.

Mgeni Kidogo
Mwalimu, shikamoo na asante. Nimemjaribu sasa hivi kwa matano, akaanza kuhesabu upya. Basi kitabu nimekiweka kabatini, na dadu nitanunua kesho.

Mama Binti, Morogoro
Marahaba kwa niaba ya Mwalimu! Wenye watoto waliofika kwenye kutoa kwa kukopa, karibuni. 32 toa 15 mnaifundishaje? Sisi tunafungua fungu moja la njiti, lakini binti bado anasahau kwamba makumi yamepungua.