Eruv: waya juu ya nguzo unawagombanishaje marabi?

Mama_Kizota
Wakuu habari za jioni. Mdogo wangu yuko London analea watoto wa familia moja ya Kiyahudi, ananiambia Jumamosi mama mwenye nyumba hatoki na kigari cha mtoto mpaka ajue waya wa mtaani haujakatika, ukikatika ati hata ufunguo habebi. Halafu jirani yao, Myahudi huyohuyo, huo waya hautambui kabisa. Dini moja waya mmoja, inakuwaje? Nieleweshwe taratibu bila kejeli jamani.

Mjukuu wa Bahi
Dada hiyo ndo eruv. Siku ya Sabato hawabebi kitu toka nyumbani kwenda njiani, soma Yeremia 17. Ila ndani ya ua ruksa. Chukulia tembe la Kigogo, vyumba vimezunguka ua, humo unahamisha mtungi utakavyo. Sasa wao wanaugeuza mtaa mzima kuwa ua mmoja: nguzo mbili ndo miimo, waya juu ndo kizingiti, unapanga hivyo mpaka unazunguka. Kuna na mkate wa pamoja wa wakazi, na eneo linakodiwa kwa serikali. Wanakagua kila wiki.

dhiraa16
Mkuu umeeleza vizuri ila ugomvi wenyewe hujaugusa. Njia ikishakuwa ya umma kwa Torati yenyewe, waya hautoshi, inatakiwa milango ya kufungika kabisa. Sasa njia ya umma ni ipi? Rashi, mfasiri wa kale wa Torati, anataka watu 600,000, hesabu ya wanaume waliotoka Misri. Maimonides, mwanasheria wa Kiyahudi wa zamani, hiyo namba haitaji, kwake upana wa dhiraa 16 (kama mita 7 au 8 hivi) na iwe wazi, basi. Ukimfuata huyu miji mikubwa kwaheri. Na hata wa 600,000 hawaelewani, ni kwenye barabara moja kwa siku au mji mzima? Rabi Moshe Feinstein wa New York alipiga hesabu ya mji wa watu kama milioni 3 ndo njiani wapatikane 600,000, ndo maana Brooklyn, sehemu ya New York, aliikatalia. Eruv ya Manhattan, sehemu nyingine ya New York, rabi Menachem Kasher aliitetea, ila mwaka 1962 umoja wa marabi ukaitangaza marufuku. Na mpaka leo Brooklyn huyu anabeba yule habebi, tena kwa maneno makali.

Chang'ombe juu
😂 kwa hiyo hapa Dom tungeruhusiwa? Sensa 2022 jiji lina watu 765,179

dhiraa16
Kwa Feinstein hata hamfiki. Na barabara gani Dodoma inapita watu 600,000 kwa siku, hata Bunge la bajeti likiwepo? Kwa Maimonides lakini ile ya kwenda Dar imeshawafunga. Dar ndo wangegombana kweli, watu milioni 5 na zaidi.

Mama_Kizota
Asanteni. Na London nani aliamua?

dhiraa16
Hamna mmoja, kila mtu na rabi wake. Ile ya kaskazini magharibi ilianza 2003 baada ya mabishano ya miaka zaidi ya 10, nguzo ziliombewa kibali cha ujenzi na baadhi ya Wayahudi wenyewe walipinga. Mdogo wako kama si Myahudi yeye hakatazwi kubeba, ila mwenye nyumba naye hawezi kumtuma hivihivi tu ambebee, hiyo ina sheria zake nyingine ndefu.