Naomba ushauri: niombe likizo bila malipo au niache kazi nikafanye sanaa ya picha?

Pangu Pakavu (mleta mada)
Wakuu, habari za majukumu. Mimi ni mtafiti wa mwani kwenye taasisi moja ya serikali, umri 38, nina mke na watoto wawili. Miaka mitatu sasa nachapa picha. Si za harusi wala pasipoti. Usiku napaka karatasi dawa, wikiendi nalaza mwani juu yake naanika juani, nikisuuza inabaki alama nyeupe kwenye bluu iliyokolea. Kamera hata haihusiki. Kuna hoteli huku Unguja wanataka 12 za kutundika ukutani, laki na nusu kila moja. Swali: niombe likizo bila malipo au niache kazi moja kwa moja? Matusi sitaki.

Kiboko ya Madeni
Laki na nusu mara 12 ni milioni moja na laki nane. Ada ya watoto ikishatoka hapo, unabaki na nini? Hoteli haibadilishi kuta kila mwezi.

Mzee wa Ngalawa
Mimi 2009 niliacha ualimu nikafungua studio Kariakoo. Foleni mpaka barabarani! Simu zenye kamera zilipojaa mjini, foleni ikahama. Siku hizi natoa fotokopi na kulaminisha vyeti. Sijuti, ila nimekonda.

Dada Mwanga
Usiwasikilize. Sebastião Salgado wa Brazili alikuwa mchumi, kaajiriwa shirika la kahawa kule London. Akija Afrika kikazi alikuwa anabeba kamera ya mkewe. 1973 akaacha uchumi, na dunia nzima ikamjua kwa picha. Fuata moyo wako.

Bi Mkubwa
Kamera ya MKEWE, mmesikia? Yule mke alikuwa ndani ya shughuli tangu mwanzo. Wako anajua, baba? Na mbona unaandika kama mtu aliyekwisha kuamua?

Pangu Pakavu
Shikamoo mama. Mke anajua napenda picha.
Haya, niseme tu. Barua ya kuacha kazi niliipeleka Jumatatu. Halafu uzamivu nilisomeshwa na mwajiri, mkataba unanitaka nitumikie miaka mitano, nimetumikia miwili. Lakini likizo wangeninyima, nawajua. Na hoteli wameshanipa nusu, laki tisa, nimenunulia fremu. Sasa ningerudi nyuma vipi?

Kiboko ya Madeni
Kumbe! Yaani ulikuja kuomba ushauri wa kitu ulichokifanya Jumatatu? Watakudai gharama za masomo, mzee. Usiku huu soma mkataba wote, kesho asubuhi kaombe barua yako kabla haijafika kwa mkubwa.

Mchonga Vinyago
Wakuu mnapoteza bando. Hii ni chai, tena ya rangi. Akaunti ina siku mbili, mwani wa bluu nani kauona? Na hiyo dawa nimeisoma, ina sianidi ndani. Angeshazikwa.

Pangu Pakavu
Jina ndilo linalotisha. Gramu 20 za feriki amonia sitreti kwenye mililita 100 za maji, gramu 8 za potasiamu ferisianidi kwenye mililita 100 nyingine, unachanganya nusu kwa nusu. Sianidi yake imeshikwa na chuma, hatari ni ukiitia asidi kali au ukiichoma. Karatasi inakuwa kijanimanjano, jua la mchana linaigeuza kama kijivu, ukiisuuza ndipo bluu inatokea. Anna Atkins, mama wa Kiingereza, alianza kutoa picha za mwani kwa njia hii hii mwaka 1843.

Ila nikwambie kilichonikamata. Mwani mzima unazuia jua, kwa hiyo unatoka mweupe. Ule uliopigwa na joto la maji ncha zimepauka, jua linapenya, na kwenye karatasi zile ncha zinatoka bluu hafifu kama zinayeyuka. Niliwaonyesha akina mama wakulima kule Paje. Mmoja akaweka kidole palepale penye ugonjwa kabla sijafungua mdomo. Grafu zangu za joto nimewapelekea mara ngapi, hakuna aliyewahi kuuliza hata swali.

Mchonga Vinyago
Haya, nimerudisha kikombe. Chai ina tangawizi.

Dada Mwanga
Mimi moja ya sebuleni naitaka. Ya zile ncha.

Mzee wa Ngalawa
Mkuu, hizo dawa unanunua wapi? Nijaribu na majani ya mwembe hapa nje, huenda studio ikafufuka.

Pangu Pakavu
Sijawahi kununua mkuu. Zipo stoo ya maabara kazini. Chupa zenyewe zilishapita tarehe, zingemwagwa tu.

Bi Mkubwa
Mwanangu, futa hiyo uliyoandika sasa hivi. Bosi wako naye ana simu.