Madalali wa ramani za mtandaoni, rudisheni biashara za watu!

Wakuu, hili nimelinyamazia muda mrefu ila leo naliandika lote. Kuna watu wanapita mlango kwa mlango kwenye biashara ndogo na simu mkononi, wanajiita wataalamu wa ramani, wanamwambia mwenye biashara "nakuweka namba moja Google, mtu akitafuta tu unatokea wewe", wanapokea hela, wanafungua profaili (ule ukurasa wa biashara kwenye ramani ya Google) kwa imeili YAO wenyewe, wanaondoka. Mwenye biashara anafurahi kuona jina lake kwenye ramani, hajui kwamba kwenye ule mfumo mmiliki wa hiyo biashara ni yule jamaa.

Dada yangu ni fundi nguo. Alimlipa mmoja wao, jina limekaa, picha zimekaa, wateja wakaanza kuja kweli na wakawa wanaacha rivyu (maoni na nyota) nzuri kwa mikono yao bila kuombwa. Baadaye jamaa akaanza kudai hela ya kila mwezi, eti ya "matunzo". Matunzo ya nini? Picha dada ndiye alikuwa anampa, saa za kufungua zilikuwa zilezile. Dada akakataa. Unajua alichofanya? Akabadilisha namba ya simu pale kwenye profaili akaweka yake, mteja akipiga anapokelewa vizuri kabisa halafu anaelekezwa kwa fundi mwingine ambaye bila shaka naye analipa. Dada alipompigia kulalamika, akaenda kuweka biashara kwamba IMEFUNGWA KABISA. Yaani mtu yuko ndani anashona, cherehani inalia, ramani inawaambia watu hayupo tena duniani kibiashara. Wateja wa zamani wanampigia kumpa pole.

Huu ni wizi, msiniambie ni biashara. Mpaka leo sijaona mchora mabango anayekuchorea bango, analing'oa usiku, halafu anakudai kila mwezi ndio ulione mlangoni kwako.

Na kinachoniuma zaidi ni kwamba wanachouza hakiuzwi. Kufungua profaili ya biashara Google ni BURE. Kuthibitisha ni bure, kuweka picha bure, kujibu rivyu bure. Na hiyo "namba moja" hakuna mtu anayeweza kukuahidi, Google wenyewe wameandika wazi kwamba nafasi kwenye matokeo ya biashara za karibu hailipiwi, wanaangalia biashara yako inaendana vipi na kitu kilichotafutwa, iko umbali gani na anayetafuta, na inajulikana kiasi gani. Sasa huo umbali dalali anaubadilishaje? Mtu akitafuta fundi akiwa upande wa pili wa mji ataletewa wa upande wa pili wa mji. Matangazo ya kulipia yapo, ndiyo, ila yale yanaandikwa kabisa kwamba ni tangazo, ni kitu kingine.

Kwa hiyo ili aonekane amefanya kazi, dalali anachakachua. Kwanza jina. Biashara inaitwa kitu kimoja, yeye anaandika jina halafu anaunganisha "fundi bora bei nafuu nguo za harusi sare za shule karibu nami". Sheria ya Google inasema jina liwe lile lile la kwenye bango lako, basi, na mtu yeyote anaweza kupendekeza marekebisho au kukuripoti, profaili ikisimamishwa anayepotea kwenye ramani ni wewe, yeye ameshakula. Pili rivyu za kununua. Unaamka unakuta nyota tano za watu ambao hawajawahi kukanyaga kwako, zinaandikwa kwa maneno yanayofanana. Zikigundulika zinafutwa, na hata zisipofutwa mteja mwenye akili anasoma anajua. Zile chache za kweli alizozihangaikia dada zinachafuliwa na takataka. Tatu pini (alama za mahali kwenye ramani) za uongo, biashara iko sehemu moja anaitundika sehemu nne. Hii nayo ni marufuku. Kama unafanya kazi nyumbani na unawafuata wateja, unaruhusiwa kuficha anwani na kutaja maeneo unayohudumia, hakuna haja ya kudanganya uko mahali ambapo haupo.

Ngoja niseme kuhusu uthibitisho maana hapa ndipo wanapowapiga watu. Siku hizi mara nyingi unaombwa urekodi video, uonyeshe mtaa ulipo, bango, vifaa vya kazi, na kitu kinachothibitisha wewe ndiye mwenye hapo kama kufungua mlango kwa ufunguo. Lengo lake ni kuzuia mtu baki asijisajili kwenye biashara ya mwenzake. Sasa dalali anakuja anakwambia "mama nifungulie nirekodi kidogo", unamfungulia mlango wako, anarekodi cherehani yako na bango lako, anatuma kwenye akaunti YAKE. Ametumia mlango wako mwenyewe kuuambia mfumo kwamba pale ni pake.

Na kabla hamjaanza na ile ya "ujinga wao wenyewe", acheni. Mtu anashona toka asubuhi hadi usiku, atajulia wapi kwamba kuna mmiliki mkuu, kuna mmiliki, kuna msimamizi, na kwamba huyo dalali alitakiwa awe msimamizi tu? Aliyejua ni dalali, na alinyamaza makusudi. Google wana sera ya watu wanaosimamia profaili za wengine: hauruhusiwi kuchukua profaili bila ridhaa ya mwenye biashara, na mwenye biashara akitaka umiliki wake unatakiwa umhamishie ndani ya siku 7 za kazi. Madalali wanaijua. Wanategemea wewe usiijue.

Kwa walioko kwenye hali ya dada: usikimbilie kufungua profaili mpya. Rivyu zako zote ziko kwenye ile ya zamani na mpya inaweza kuhesabiwa ni nakala ikazuiwa. Tafuta biashara yako kwenye ramani, ingia kwa imeili yako, bonyeza sehemu ya kudai umiliki, jaza ombi. Aliyeishikilia anatumiwa taarifa na ana siku 3 za kujibu, akikaa kimya unaweza kupewa nafasi ya kuthibitisha mwenyewe, akikataa unakata rufaa. Kusanya ushahidi mapema, leseni, picha ya bango, bili yenye jina na anwani, na skrinishoti za meseji zake za kudai hela. Ukiupata umiliki, kwanza mtoe yeye (mmiliki mpya huwa anasubirishwa siku 7 kabla ya kuruhusiwa kuwatoa wengine, usiogope), halafu kagua namba ya simu, saa na kile kialama cha kufungwa.

Sisi ombi la dada limeshaenda, tunasubiri. Na wewe dalali, najua uko humu, maana mnatangaza huduma zenu kwenye majukwaa yote: una imeili ya dada, mhamishie profaili yake leo, na ile namba yako uitoe. Waliofanyiwa hivi hasa wale waliobadilishiwa namba ya simu wekeni hapa mlivyofanya mkarudishiwa, ombi lilikubaliwa au mlifika mpaka rufaa?