Kadi ya kliniki ndani ya hotipoti

Kikundi: UKOO WA MAGOMENI
Jumamosi

Mwanaidi 06:48
Assalaam alaykum. Bibi, Shangazi, Ba'mdogo, shikamooni. Wengine habari za asubuhi.

Mwanaidi 06:53
Nina jambo naomba mnisaidie. Juzi usiku tumetafuta kadi ya kliniki ya mtoto toka saa tatu mpaka saa sita na nusu. Nimepekua mabegi, droo, mpaka chini ya godoro. Baba Salma ndiye kaiona, imo ndani ya hotipoti kwenye kabati la vyombo. Hotipoti ya harusi, miaka 9 haijatiwa wali. Nani kaiweka humo hatujui mpaka leo. Nilikaa chini nikalia.

Mwanaidi 06:58
Sebule yangu mnaijua, futi 10 kwa 12. Humo mna makochi ya watu saba, kabati la vyombo, viti vya plastiki 12 vimepandana, jiko la mkaa na mabegi matatu ya nguo zilizowabana watoto. Wanangu wakitoka shule wanapitiliza kitandani, hawana pa kukaa. Kila mtu na kona yake na simu yake. Natamani nyumba ambayo mtu akiingia moyo unamtulia. Nianzie wapi? Na hela ya makabati mapya sina.

Shangazi Rukia 07:06
Marahaba mwanangu. Pole sana. Hiyo hela hata ungekuwa nayo ningekukataza. Kabati jipya litajazwa vitu vilevile, kisha utatafuta kadi kwenye makabati mawili.

Shangazi Rukia 07:09
Leo fanya mahali pamoja tu, pale macho yanapotua mtu akifungua mlango. Kwako ni ile meza ya kioo. Toa vyote, ipanguse, rudisha kile mnachokishika kila siku. Basi. Mambo ya stoo na juu ya kabati yaache. Ukitaka kuifagia nyumba nzima kwa siku moja, saa kumi jioni utakuwa umekaa katikati ya rundo, watoto wana njaa, na vyote utavirudisha vilivyokuwa.

Mwanaidi 07:11
Hivyo ndivyo ilivyonitokea Januari 😔

Zainabu 07:20
Dada pole jamani. Na karatasi za muhimu zitengee bahasha moja ya plastiki. Kadi za kliniki, vyeti vya kuzaliwa, risiti za ada, mkataba wa nyumba. Itundike kwenye msumari nyuma ya mlango wa chumbani. Kwangu hata mdogo wa miaka 6 anajua ilipo.

Zainabu 07:24
Mwaka jana nilifungua droo ya chini jikoni nikakuta mifuko ya rambo imekunjwa vizuri kabisa. Rambo imepigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019! Miaka yote hiyo nafunga nafungua droo nyingine, ile nimeisahau, huku nalalamika sina pa kuweka vijiko.

Juma 07:41
Dada, niseme la makochi. Lile la watatu limeziba dirisha la kusini. Miezi hii kusi inavuma, hewa ya bure kutoka baharini, wewe umeigeuzia mgongo wa kochi halafu feni inazunguka mchana kutwa na umeme wa luku unaisha. Kochi likitoka umepata upepo na umepata sakafu.

Mwanaidi 07:44
Na wageni wakija watakaa wapi?

Shangazi Rukia 07:46
Wageni wa kujaza makochi yote walikuja lini mara ya mwisho?

Mwanaidi 07:49
Idi.

Shangazi Rukia 07:50
Na wanao wanne wanaishi humo siku zote za mwaka.

Mwanaidi 07:57
Shangazi, hilo limeniingia.

Juma 08:02
Kuna fundi pale Keko alinitengenezea benchi la futi 4, chini ni sanduku, juu kifuniko na sponji iliyovishwa kitenge. Mbao nilimpelekea mwenyewe, za kitanda cha zamani. Ndani tunaweka shuka na vyandarua. Wageni wakija wanakalia. Uza kochi, kwa hela hiyohiyo lipa fundi.

Neema 08:15
Wifi habari za asubuhi. Nimetoka zamu ya usiku ndiyo nasoma sasa. Madumu ya maji kwenye korido ni mangapi?

Mwanaidi 08:17
14, na pipa moja. Wifi maji yakikatika huku ni siku tatu nne, siwezi kuyatoa.

Neema 08:29
Sikwambii uyatoe. Hesabu mnatumia madumu mangapi kwa siku tatu hizo, hayo yabaki. Yaliyovuja na yasiyo na vifuniko ndiyo yatoke. Mbu wa homa ya dengi hataki mtaro mchafu kama watu wanavyodhani, anataka maji safi yaliyotulia, tena ndani ya nyumba akipata atafurahi. Anauma mchana, wakati chandarua kimekunjwa. Mayai yake anayabandika kwenye ukuta wa chombo, juu kidogo ya usawa wa maji. Ukimwaga maji, mayai yanabaki palepale, yanakauka na yanaweza kukaa miezi, siku ukijaza tena yanaanguliwa. Kwa joto la Dar, kuanzia yai mpaka mbu anayeruka ni kama wiki moja hadi siku kumi. Kwa hiyo pipa lako kila Jumamosi lisuguliwe kuta kwa brashi, siyo kusuuzwa tu. Na lifunikwe muda wote.

Neema 08:32
Mnakumbuka 2014 na 2019 dengi ilivyotusumbua Dar. Nilikuwa wodini 2019. Kwa hiyo nikiona madumu ya wazi kwenye nyumba yenye watoto siwezi kunyamaza, wifi yangu nisamehe.

Mwanaidi 08:35
Wala hujakosea, asante wifi. Lala sasa upumzike.

Zainabu 09:10
Nguo kwenye mabegi zilipita masika zikiwa zimefungwa? Basi zifungue uani kwanza, lazima zimeshika ukungu. Zikae juani kutwa. Halafu chukua moja moja: kama unaweza kumvisha mwanao akaenda nayo shereheni, mpe mtu. Iliyochanika au iliyofubaa usimpe mtu, ikate iwe tambara la kudekia. Mke wa jirani yangu huku Kigamboni kajifungua wiki iliyopita, vya mtoto mchanga nitumie, nitampelekea mwenyewe.

Shangazi Rukia 09:14
Kanga kuukuu usitoe hata moja. Kwa kumfunika kichanga hakuna kitambaa laini kuliko kanga iliyofuliwa miaka kumi.

Mwanaidi 10:22
Nimeanza na meza. Nimekuta chaja 5 mbovu, dawa za kikohozi zilizoisha muda, funguo za nyumba tuliyohama Mabibo, na pete ya sikio niliyoililia mwaka mzima 😭

Ba'mdogo Seif 10:40
Bibi anasikiliza, nimemsomea yote. Ametaka kusema neno, nimeshika simu naandika anavyosema:

Ba'mdogo Seif 10:58
"Mjukuu wangu, hapa Magomeni nyumba hii ina vyumba sita, vitatu kulia vitatu kushoto, ukumbi katikati, uani jikoni na choo. Babu yako na mimi tulikuwa na chumba kimoja na watoto wanne. Vingine walikaa wapangaji. Chumba kilekile tulilala, tulikula, mtoto alifanyia kazi ya shule. Kiliwezekanaje? Mikeka. Alfajiri inakunjwa inasimamishwa pembeni, chumba kinakuwa kipana. Nguo kwenye misumari, kila mtu msumari wake. Vyombo tulikuwa navyo vya kutosha watu waliopo, akizidi mgeni tunaazima kwa jirani, na jirani anaazima kwetu, ndiyo mnajuana. Usiku tunakula sinia moja ukumbini na mlango wa mbele uko wazi, mpita njia anakaribishwa. Siku za Ijumaa natia udi kwenye chetezo. Baba yako alikuwa akisikia harufu ya udi popote anasema pananukia kwetu. Hatukuwa na kitu mjukuu wangu, lakini hakuna mtoto aliyekula peke yake."

Zainabu 11:01
Bibi wangu 😢❤️

Mwanaidi 11:20
Bibi, umenipa nguvu ya kusema jambo ambalo nimeliogopa. Chini ya kitanda changu kuna tranka la Baba. Tangu tumzike sijalifungua. Nikifagia nafagia kuzunguka. Naona nikitoa kitu humo nitakuwa kama namtoa yeye.

Juma 11:33
Dada. Mimi pia sikuweza kuja kulifungua. Nilikuachia mzigo ule peke yako, nisamehe.

Shangazi Rukia 11:45
Alikuwa kaka yangu, acheni niseme. Vitu vya mtu aliyefariki vina haki. Mirathi ilishapita kwa taratibu zake, vilivyobaki humo ni vya mkononi tu na wote tulikubaliana mkae navyo. Lakini kuvifungia gizani mpaka viliwe na nondo, hiyo siyo heshima. Kanzu zilizo nzima Juma achukue moja, Seif moja, nyingine wapewe wazee wa msikitini watakaozivaa Ijumaa. Kila kanzu itakayoingia sala ni dua kwake.

Ba'mdogo Seif 11:52
Bibi anauliza redio ipo? Ile ya kahawia, ya betri kubwa nne.

Mwanaidi 11:53
Ipo Bibi. Nimekwenda kulifungua sasa hivi, nimekaa nayo mapajani.

Ba'mdogo Seif 11:56
"Basi redio ya mwanangu isirudi gizani. Iweke mahali watoto wataiona, wakuulize ya nani, uwaambie."

Juma 11:58
Nakuja alasiri. Usibebe lile tranka mwenyewe.

Jumapili

Mwanaidi 20:37
Habari za jioni. Nileteeni macho hapa 👇
[picha]
[picha]
[picha]

Mwanaidi 20:49
Kochi la watatu jirani wa ghorofani amelinunua, kaja kulibeba asubuhi. Viti vya plastiki vimebaki vinne, vinane nimempa mama wa mgahawa hapo kona. Jiko la mkaa sikulitoa, gesi ikiisha ndilo linaloniokoa, nimelipeleka uani. Juma na Baba Salma wamefunga kamba mpya ya nguo na misumari sita ukutani korido, kila mtu wa kwake na jina lake. Madumu yamebaki 9. Pipa limesuguliwa wifi, nimehakikisha mwenyewe na tochi.

Mwanaidi 20:55
Halafu ile hotipoti, na sahani za harusi, na sinia kubwa la Shangazi, nimevitoa vyote nikaviosha. Mchana tumepika wali wa nazi na samaki wa kupaka, tumekula sinia moja chini, pale lilipokuwa kochi. Dirisha wazi. Salma aliuliza, mama leo kuna sherehe? Nikamwambia hapana, leo ni Jumapili. Simu zote zilikuwa kwenye kikapu juu ya kabati, yangu ikiwa ya kwanza, ndiyo maana mmenipigia sikupokea.

Shangazi Rukia 21:02
Alhamdulillah. Sinia langu hilo nililokupa 2015 nilijua litazeekea kabatini. Leo nalala na furaha.

Neema 21:04
Na sahani ikivunjika?

Mwanaidi 21:06
Moja imeshavunjika 🙈 Mdogo alikuwa anasaidia kuosha. Moyo ulinishtuka kidogo, basi. Kajikata? Hajajikata. Tukafagia.

Zainabu 21:10
Mchezo wa kukusanya vitu jioni umeuanza? Kwetu adhana ya magharibi isikute kitu sakafuni. Kila mtoto anachukua vyake, mkubwa anafagia, dakika kumi. Siku za mwanzo utafanya nao, usikae kwenye kochi ukiwaamrisha. Mimi nilichukua kama mwezi mpaka wakazoea.

Mwanaidi 21:12
Leo ndiyo ya kwanza. Wa katikati alificha vyote chini ya kitanda, pale lilipokuwa tranka 😅 Kesho tunaendelea. Stoo sijaigusa, juu ya kabati sijagusa.

Shangazi Rukia 21:13
Acha. Wiki ijayo.

Juma 21:20
Redio niliitia betri. Kukoroma inakoroma lakini inashika. Tulipoiwasha Salma alikaa mbele yake kama saa nzima ananiuliza babu alikuwa anasikiliza nini. Nikamweleza alivyokuwa akisikiliza mpira huku amesimama, hakai hata mechi ikienda dakika za nyongeza. Kusema kweli sikuwahi kuwasimulia watoto hawa habari za Baba.

Ba'mdogo Seif 21:31
Bibi ameziangalia picha mara tatu, ameomba nizikuze. Redio ameiona. Anasema mkeka mliokalia umefumuka ubavuni upande wa dirisha, uletwe Jumatano autie pindo, ukindu anao.