Masaji ihesabiwe tiba au ni starehe tu? Tujadili

Wadau habari zenu. Juzi nimebishana na kaka yangu mpaka usiku, yeye anasema masaji ni starehe ya wenye hela, ukiumwa nenda kwa daktari basi. Mimi nasema hapana, kukandwa ni tiba saidizi na bima ya afya ingetakiwa iilipie, angalau kwa wenye mgongo.

Na sio hisia tu jamani. American College of Physicians, chama cha madaktari cha Marekani, kwenye mwongozo wao wa 2017 waliiweka masaji kwenye vitu vya kuanza navyo kabla ya dawa kwa mtu mwenye maumivu mapya ya kiuno. Hao ni madaktari, sio wauza mafuta. Ila nafuu yenyewe ni ya muda mfupi, kwa hiyo anayekuambia mara tatu tu umepona kabisa anakudanganya. Na hii habari ya "kutoa sumu mwilini" inaniudhi, sumu inatolewa na ini na figo, sio viganja vya mtu.

Upande wa moyo, yaani hisia, ndio watu wanaudharau. Ngozi ina neva zake zinazoitikia mguso wa taratibu, sentimita 1 hadi 10 kwa sekunde, ndo maana mkono ukipita polepole mgongoni unajikuta umelegea kabla hata hujaongea. Mama alipofiwa alikuwa halali, haongei na mtu, shangazi akawa anamkanda mabega kila jioni kimya kimya, siku ya tatu akalia sana kisha akalala. Huzuni haikuisha, lakini alilala.

Ninapokubaliana na kaka ni kwenye hatari. Mguu mmoja umevimba, una joto na unauma, hiyo inaweza kuwa damu imeganda kwenye mshipa, ukiukandamiza bonge linaweza kuchomoka likaenda kwenye mapafu na mtu akafa. Wangapi wanauliza hayo kabla ya kushika mafuta? Asiyeuliza kama nina ujauzito au natumia dawa za kuzuia damu kuganda hanigusi.

Kwa hiyo mimi nasema bima ilipe, ila kwa aliyesomea tu. Sasa wale wazee waliorithi ukandaji kwa bibi zao na hawana cheti, tuwasajili vipi? Hapo ndo nimekwama, naomba mawazo yenu.