Mjadala: Askari wetu wa Divisheni ya 11 waliopigana Burma, Uingereza bado inadaiwa au yameisha?

Ndugu zangu, naweka hoja mezani. Uingereza iwalipe warithi wa askari wa Keya (King's African Rifles, jeshi la Kiingereza la Waafrika wa Afrika Mashariki) pesa walizopunjwa babu zao Vita vya Pili vya Dunia vilipokwisha mwaka 1945, au tuache kwa kuwa karibu wote wameshazikwa? Mimi nasema ilipe. Nitaeleza kwa kutumia kikosi kimoja tu, Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, wale waliovaa nembo ya kichwa cha kifaru begani.

Divisheni hiyo iliundwa 1943, askari wake wakitoka Kenya, Uganda, Tanganyika, Nyasaland (Malawi ya leo) na Rhodesia ya Kaskazini (Zambia ya leo). Ilipelekwa kwanza Ceylon (Sri Lanka ya leo), na kufikia Agosti 1944 ilikuwa Burma (Myanmar ya leo), ikiwafukuza Wajapani katika bonde la Kabaw. Bonde lile lilijulikana kwa malaria, na vijana wetu walilipita mvua zikiwa zimepamba moto. Barabara yote ilikuwa tope. Walikata magogo wakayalaza njiani ili magari yapite, na gari liliposhindwa, mzigo ulibebwa na watu. Chakula na risasi vilidondoshwa na ndege. Mawingu yakifunga, mnasubiri, huku Wajapani wamejichimbia vilimani mbele yenu. Tarehe 2 Desemba 1944 wakauteka mji wa Kalewa. Siku chache baadaye wahandisi walikuwa wametandaza daraja la kuelea la zaidi ya mita 300 juu ya mto Chindwin, na Jenerali Slim, kamanda wa jeshi la Uingereza huko Burma, akavusha majeshi yake hapo.

Sasa njoo kwenye malipo. Kiinua mgongo kilipangwa kwa rangi ya ngozi. Nyaraka zilizoibuliwa na waandishi wa habari mwaka 2019 zilionyesha kuwa askari Mzungu wa makoloni alilipwa hadi mara 3 ya Mwafrika wa cheo hichohicho. Risasi za Wajapani hazikubagua rangi. Na Mwafrika huyo alichapwa viboko, adhabu ambayo jeshi la Uingereza liliwafutia askari wake wenyewe tangu 1881. Huko Kenya, Wazungu waliotoka vitani waliandaliwa mpango wa mashamba katika nyanda za juu. Waruhiu Itote, aliyepigana Burma na kikosi cha 36 cha Keya, aliishia msituni Mlima Kenya kama Jenerali China, kamanda wa Mau Mau. Mimi simshangai hata kidogo.

Kuna wanaosema walijiunga kwa hiari. Wengine ndiyo, lakini machifu pia walipewa idadi ya vijana wa kutoa. Na hata aliyejitolea hakukubali kupunjwa.

Wengine wanasema warithi hawatapatikana. Nendeni makaburi ya vita ya Ngong Road, Nairobi. Pale kuna majina ya askari wetu wa mizinga waliozama na meli Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Colombo ikapigwa na nyambizi ya Kijapani tarehe 12 Februari 1944. Ilizama kwa dakika mbili hivi, wakafa karibu watu 1,300, zaidi ya nusu yao wa Afrika Mashariki. Majina yamechongwa. Jeshi lililoweza kuandika jina la mtu ambaye mwili wake uko chini ya bahari haliwezi kudai kwamba halimjui.

Mwaka 2018 Uingereza ilitangaza paundi milioni 11.8 za kuwasaidia wakongwe wa Jumuiya ya Madola wapate milo miwili kwa siku. Ni jambo jema, ila ule ni msaada. Deni ni kitu kingine.

Hoja nzito kuliko zote ni kwamba wahusika wamekufa. Lakini kwetu, kabla jeneza halijafukiwa, ndugu husimama akasema anayemdai marehemu, au anayedaiwa naye, aje kwa familia. Kifo hakifuti deni. Mwaka 2013 Uingereza hiyohiyo ilikubali kutoa paundi milioni 19.9 kwa wahanga zaidi ya 5,000 wa mateso ya enzi za Mau Mau, kwa sababu walikuwa hai na walikwenda mahakamani. Tukisema waliokufa hawana haki, tunamfundisha mdaiwa kwamba akichelewesha vya kutosha hatalipa kamwe.

Anayepinga, karibu, ila aanze na hilo la mwisho.