Hunter iliyokaa nje miaka mingi: tuipake rangi ya nchi gani, na huu unga mweupe tuufanyeje?

Kijana_wa_Matrah

Asalaam aleikum wakuu. Niko Muscat. Kuna Hawker Hunter, ndege ya kivita ya jeti ya Waingereza, imesimama nje karibu na bahari, ni katika zile ambazo Jordan iliipa Oman mwaka 1975 zikawa zinaruka kutoka kambi ya Thumrait. Rangi imechujuka, ukipitisha kiganja kinatoka cheupe kama umeshika chaki. Kuzunguka vichwa vya skrubu kuna unga mweupe, na chini ya bawa bati limeumuka kama chapati. Matairi yamelala bapa.

Kamati imegawanyika. Kuna wanaotaka kijani na kijivu za Waingereza kwa sababu Hunter ya picha zote iko hivyo, kuna wa Jordan kwa kuwa wao ndio waliotoa, na kuna wa Oman. Mkandarasi naye kaja na lake: apige mchanga kwa mashine mpaka bati ling'ae, kisha rangi ya magari, wiki moja kazi imekwisha. Naomba ushauri wa wanaojua: tuanze wapi, rangi ipi, na ziingie lita ngapi?

Fundi_Bati

Waleikum salaam. Mkandarasi wa mchanga mrudishe alikotoka. Mabati mengi ya ndege za enzi hizo ni aloi ngumu yenye shaba ndani yake, iliyofunikwa kila upande na utando mwembamba wa alumini safi. Utando huo ndio unaozuia ulikaji, yaani kutu ya alumini, ambayo ndiyo huo unga wenu mweupe. Mchanga unaula kwa sekunde chache, halafu unapinda paneli nyembamba, na chembe zake zinaingia kwenye maungio ambako hutazitoa milele. Zaidi ya hapo unafuta ushahidi wote wa rangi za zamani, lakini hilo nawaachia wenzangu.

Kabla ya kugusa rangi, hakikisha ndege ni salama. Kiti cha kujirusha cha Martin-Baker kina baruti, na kuba la kioo lina mfumo wake wa kulirusha. Mtu asiingie chumba cha rubani mpaka mtaalamu wa silaha wa jeshi aandike kwa mkono wake kwamba vyote vimetolewa. Msiridhike na "vilishatolewa zamani". Hunter zenye injini za Rolls-Royce Avon za mfululizo wa 200 nyingi ziliwashwa kwa isopropili naitreti, kimiminika kinacholipuka na chenye moshi wa sumu, kwa hiyo kagueni tangi lake na mabomba yake. Saa za chumba cha rubani zenye maandishi ya kung'aa gizani huenda zina radiamu: pimeni kwa kifaa cha mionzi, na kioo kilichopasuka msikiguse mikono mitupu.

Sasa huo unga. Zile skrubu ni za chuma zilizopakwa kadmiamu. Kadmiamu ikiwapo inaliwa yenyewe na bati linapona. Ikiisha, chuma kinabaki uso kwa uso na alumini, maji ya chumvi yanawaunganisha, na sasa anayeliwa ni alumini. Ndiyo maana unga unaanza kuzunguka kichwa cha skrubu na siyo katikati ya paneli. Ukiona mistari myembamba inayojipinda chini ya rangi kama njia za minyoo, huo ni ulikaji wa juu juu na unasafishika. Bati linaloumuka na kuachana kurasa kwa kurasa ni jambo jingine: limeoza kwa ndani kufuata nyuzi za aloi yenyewe, na kulipaka rangi ni kuficha jipu.

Na hapa uwe macho. Miguu mikubwa ya Hunter imeshikwa na bawa, siyo kiwiliwili. Ndege tupu ina kama tani 6.4, na sehemu kubwa ya uzito huo inapita kwenye bawa hilo hilo unalosema limeumuka. Fungueni vifuniko vya karibu na bawaba za miguu, mtazame kwa tochi na kioo cha mkononi kabla hamjaweka jeki. Mkikuta kurasa zimeachana kwenye boriti la bawa, mwiteni mhandisi wa miundo kwanza.

Kusafisha: maji baridi ya bomba kwa mpira wa kawaida na sabuni isiyo na asidi wala magadi. Mashine ya maji ya nguvu marufuku, inasukuma chumvi ndani ya maungio. Zibueni matundu yote ya kutolea maji tumboni; utakuta viota, mchanga na majani yaliyogeuka tope la chumvi. Unga kwangueni kwa kipande cha plastiki, malizieni kwa sponji ya nailoni au msasa wa oksidi ya alumini namba 240 hadi 320. Brashi ya waya na sufi ya chuma zisionekane eneo la kazi: zinaacha vumbi la chuma ndani ya alumini, na baada ya miezi michache madoa yanarudi mengi kuliko mwanzo.

Praima (rangi ya msingi) ya zamani yenye rangi ya njano au kijani cha ndimu ina kromati, inasababisha saratani. Msasa wake ni wa maji tu, barakoa za P3 (zinazochuja vumbi laini kabisa), na yale maji machafu yakusanywe, yasiachwe yaende mferejini.

Kumbukumbu_za_Anga

Fundi kamaliza upande wake. Upande wa rangi, nyote mnauliza swali la pili kabla ya la kwanza. Msichague nchi wala rangi. Chagueni tarehe.

Ndege haikuwahi kuwa na "rangi yake". Ilikuwa na sura fulani siku fulani. Mkishakubaliana siku, madoa ya kamafleji (rangi za kujificha), alama ya taifa, namba, maandishi madogo ya "usikanyage hapa", hata mwendo wa masizi nyuma ya mizinga, vyote vinajipanga vyenyewe. Msipokubaliana mtaishia na ndege yenye alama za miaka ya sabini na maandishi ya miaka ya tisini. Mfano wa huko kwenu: jeshi la anga la Sultani lilibadilishwa jina mwaka 1990 likawa Jeshi la Anga la Kifalme la Oman. Jina mtakaloandika ubavuni linategemea tarehe yenu.

Tazameni nyota ya Wamarekani wakati wa Vita vya Pili. Mei 1942 duara jekundu la katikati liliondolewa. Juni 1943 ikaongezwa pembeni mistatili miwili myeupe na ukingo mwekundu kuzunguka alama nzima. Agosti mwaka huo huo ukingo ukageuzwa bluu. Memphis Belle, ndege yao maarufu ya mabomu, ilihesabiwa kumaliza safari yake ya 25 tarehe 17 Mei 1943, kwa hiyo mwenye kuipaka mistatili myeupe pembeni amekosea kwa wiki kadhaa, na kuna watu watasafiri kuja kukuambia hivyo. Makumbusho ya jeshi la anga la Marekani kule Dayton waliishikilia tarehe hiyo, wakaifungua kwa umma tarehe 17 Mei 2018, miaka 75 kamili. Au ile mistari myeusi na myeupe ya uvamizi wa Normandi, Juni 1944: kwa ndege ya injini moja kila mstari ulikuwa inchi 18, na mingi ilipakwa haraka haraka kwa brashi. Ukiipaka leo kwa karatasi ya gundi na kingo kali kama wembe, vipimo ni sahihi na ndege bado ni ya uongo.

Kwa Hunter yenu mimi nasema Oman, na si kwa ajili ya bendera: huko ndiko ilikomalizia kazi, na bati hilo lina ushahidi wa huko. Ya kijani na kijivu ziko tele Uingereza.

Ushahidi wenyewe mnautafuta hivi. Tafuteni sehemu ambazo jua halikufika: pale nguzo za silaha zinapokaa juu ya bati la bawa, chini ya vitako vya antena, chini ya bamba la breki ya hewa tumboni, kingo zilizofunikwa na vifuniko. Chagueni eneo la sentimita 5 kwa 5. Msasa wa maji namba 600 katikati, 1000 ukitoka nje, malizia 2000, mkizungusha kwa kidole taratibu. Inatokea bakuli lenye pete pete kama mti uliokatwa, kila pete ni rangi moja. Bati likianza kuchungulia katikati, simameni. Pigeni picha pamoja na kadi ya rangi na rula, kivulini. Pete ya kijivu au kijani-njano kati ya rangi mbili ni praima, maana yake hapo ndege ilisuguliwa ikapakwa upya, au ilipita karakana kubwa. Ukiona uchafu mwembamba mweusi kati ya rangi mbili, ilikuwa imeruka sana kabla ya kupakwa juu.

Usiku shikeni tochi iwe sambamba na bati. Namba za zamani zinaonekana kama makovu kwa sababu kingo za rangi zina unene. Zikopiwe kwa karatasi angavu ya plastiki, na muandike umbali wake kutoka mstari wa riveti ulio karibu.

Picha za zamani zitumieni kwa mpangilio wa madoa tu, kamwe si kwa rangi. Filamu za rangi zinageuka kadiri zinavyokaa, nyingine huwa za pinki. Rangi ilinganishwe na kadi za kiwango kutoka kwenye bakuli lililolowanishwa maji, maana rangi kavu iliyopauka inadanganya. Kwa rangi za Uingereza kitabu ni BS 381C: kijani kilichokoza ni 641, kijivu cha bahari kilichokoza ni 638, kijivu chepesi cha tumboni ni 627.

Mabakuli mawili matatu msiyapake tena. Yapakeni Paraloidi B-72 (plastiki angavu ya akriliki ya kuhifadhia vitu vya kale) ya asilimia 10 katika asetoni, yabaki chini ya kifuniko kwa wajao.

Lita_na_Maikroni

Nakubaliana na yote isipokuwa hiyo B-72. Inaanza kulainika kwenye nyuzi 40. Bati lenye rangi nzito juani Muscat linapita hapo asubuhi mapema, na hiyo B-72 itakuwa gundi ya kunasia vumbi. Ndani ya jengo ni sawa kabisa. Nje, bakuli lifunikeni kwa karatasi ya polista na kifuniko chenyewe, na mkate sampuli ndogo ya rangi ihifadhiwe ofisini.

Rangi ya magari ya kawaida nayo hapana. Mfumo ni praima ya epoksi ya vikopo viwili, maikroni (sehemu ya elfu ya milimita) 20 hadi 25 ikikauka, kisha poliurethani ya vikopo viwili, maikroni 50. Bati lililobaki tupu lipatiwe kwanza dawa ya kugeuza uso wa alumini, ile ya kromiamu isiyo na sumu kali. Kuna mafundi wanaopenda praima ya asidi. Nzuri, lakini nyingi hazikubali epoksi juu yake: asidi inazuia hadina (kigumisha rangi) isishike, na baada ya mwaka rangi inatoka kama ganda la kitunguu. Someni karatasi ya mtengenezaji, na kila kopo litoke kwa mtengenezaji mmoja.

Lita. Tuseme mmepima eneo lote mkapata mita za mraba 130. Rangi yenye yabisi (kinachobaki ikikauka) asilimia 50 inahitaji maikroni 100 mbichi ili zibaki 50. Hapo lita moja inafunika mita za mraba 10, kwa hiyo lita 13. Ila upuliziaji unapoteza, na kwa umbo la ndege hesabuni asilimia 40 inakwenda na upepo: 13 gawanya kwa 0.6 ni karibu lita 22. Gawanyeni kwa rangi kulingana na michoro, na muongeze lita moja kwa kila rangi ya viraka vya baadaye, ya toleo lile lile la kiwandani.

Saa ya kupaka ndiyo inayowaangusha wengi wa pwani. Alfajiri pamepoa lakini bati lina umande usiouona. Joto la bati liwe juu ya joto ambalo umande huanza kutua, kwa nyuzi 3 au zaidi, na unyevu wa hewa chini ya asilimia 85. Mchana nako rangi inakauka hewani kabla ya kutua, uso unakuwa kama msasa. Jengeni turubai la kivuli, mfanye kazi Desemba hadi Februari, jua likishapanda kidogo. Kila siku kabla ya kuanza pimeni chumvi kwenye bati kwa vipande vya kupimia kloridi. Upepo wa usiku mmoja unaweza kuirudisha. Poliurethani ina isosianeti, kemikali inayodhuru mapafu: aliyeshika spreya avae barakoa ya hewa ya bomba, ile ya chujio haitoshi.

Kijana_wa_Matrah

Ahsanteni sana. Mawili tu: tuchukue rangi isiyong'aa kabisa kama ya kivita? Na kuba la kioo na matairi?

Lita_na_Maikroni

Isiyong'aa kabisa ina uso wa vinyweleo, nje inashika vumbi na kugeuka chaki mapema. Ombeni mng'ao wa 20 hadi 30 kwenye kipimo cha mng'ao kinachopimwa kwa pembe ya nyuzi 60. Ukisimama mita 5 hutaona tofauti, na inaoshwa kwa kitambaa.

Fundi_Bati

Kuba: ni plastiki ya akriliki, si kioo cha kweli, kwa hiyo maji na sabuni laini tu. Dawa ya vioo yenye amonia, spiriti au thina inaleta nyufa ndogo ndogo kama utando wa buibui, na hazitoki. Lifunikeni kwa kitambaa cheupe kinachopumua. Nailoni inafungia joto na unyevu ndani, na kamba zake zikipigwa na upepo zinachora kioo.

Matairi yaacheni bila kuyajaza upepo, uzito ubebwe na stendi. Mkishalikagua bawa, inueni kwenye vituo vya jeki vilivyowekwa na kiwanda, mweke stendi za chuma chini ya mihimili ya magurudumu, na kati ya chuma na alumini muweke pedi ya plastiki ngumu. Mpira na ngozi haviwekwi hapo, vinashika maji. Tairi liguse ardhi bila kubeba kitu, mgeni atadhani ndege imesimama yenyewe. Rimu zikaguliwe peke yake: ndege nyingi za Waingereza za wakati ule zilitumia rimu za magnesiamu, na zikikutwa na chumvi zinabomoka mkononi kama biskuti. Ikiwa hivyo msizisage kwa mashine, vumbi lake linawaka.